Namba Kumi na Saba

Vueni viatu, tafadhali. Mbao hizi ni za mninga,
ziling'arishwa kwa nta na kwa magoti ya watu.
Mimi Somoe binti Mnali, mshika funguo
wa nyumba ya Bwana Renke, hapa Mingoyo,
kila siku isipokuwa Jumatatu.

Hapa alikaa usiku akihesabu mkonge wake.
Hapa mkewe, Bibi Otilia, alishona mapazia,
akapanga vikombe kumi, mikono yote
imeelekea kaskazini, kwao.
Krismasi walikata tawi la mvinje,
wakalipachika pamba kutoka Nyangao,
wakakaa mbele yake katika fukuto la Desemba
wakisema: theluji.
Msicheke.
Mtu ugenini huunda kwao
kwa alichokikuta.

Sasa sogeeni kabatini.
Kumi na tano, kisagio cha kahawa.
Kumi na sita, daftari la matumizi:
mayai, sabuni, mafuta ya taa,
na kila Jumamosi mstari mmoja mwembamba,
mtoto wa pasi, hela nane.
Jina hakuliandika.
Labda wino ulikuwa ghali.

Kumi na saba ni pasi yenyewe,
ya mkaa, ina jogoo wa shaba juu ya kifuniko.
Kadi inasema chuma, inasema uzito, inasema mwaka.

Bibi yangu Nantende alikuwa na alama
hapa, juu kidogo ya kiwiko,
nyembamba mbele, pana nyuma.
Utotoni nilidhani ni jani,
nikaifuatisha kwa kidole akinisuka.
Siku ya kwanza ya kazi hii
niligeuza pasi nifute vumbi upande wa chini,
nikaliona jani.

Ilikuwa ajali? Sijui. Hakuwahi kusema.
Tulipomwomba peremende alijibu tu,
hela nane, hela nane,
akacheka peke yake,
nasi tukacheka kwa kuwa amecheka.

Pasi naipaka mafuta kila mwezi isipate kutu.
Mkono ule tuliuzika Mnazi Mmoja,
mvua ya vuli, udongo mwekundu,
hauna kadi.

Basi, chumba cha kulala kiko kushoto.
Chandarua msikiguse, kimechakaa.
Mkitoka, kiingilio mtatia kwenye mkebe
pale mlango wa nyuma, alikopita yeye.
Hela yoyote
mliyo nayo.