Mizani ya Kabaila

Kitabu ni kimoja kwa wanafunzi sita,
na ukurasa wa themanini na tatu
mtu aliuchana, labda kufungia karanga.
Kwa hiyo Kabaila Geroti wa Adenwaldi
anazaliwa chini ya ukurasa wa themanini na mbili,
na tukigeuza tayari ana ndevu,
tayari ana ngome, watu wanamwinamia.

Pengo hilo nimelijaza mwenyewe kwa chaki:
baba aliangushwa na farasi,
mtoto akiwa na miaka kumi na mmoja.
Mama akaushika muhuri
mpaka kidole cha mwana kikaijaza pete.
Akatawala miaka arobaini na mmoja.
Alijenga daraja. Aliwanyonga wezi wa kulungu.
Kila Pasaka kila jiko lilimpelekea kuku,
na kuku akiwa mgonjwa, jiko lilipeleka wawili.

Nje ya dirisha ni Matungu, saa nane mchana.
Miwa imesogea hadi uzio wa shule,
imepita umri wake, inachanua,
hakuna wa kuikata.

Nikafika kwenye kinu.
Kabaila aliamuru, nikasoma,
mtu asisage nafaka nyumbani kwake.
Kinu ni kimoja, cha mtoni, chake.
Kila magunia kumi, moja ni la kinu.
Mawe ya kusagia ya wanakijiji
yalikusanywa, yakatandazwa sakafuni
katika ukumbi wa ngome,
akawa anayakanyaga akienda kula.

Darasa likanyamaza, na si kwa adabu.
Ashiundu wa dawati la nyuma,
ambaye huja Jumanne na Alhamisi
kwa kuwa sare ni moja na ndugu ni wawili,
akauliza: Mwalimu, huyo Geroti
alikuwa na trakta za kubebea?
Wakacheka. Nami nikacheka.
Kisha koo likanikauka.

Maana niliuona mtambo wa baba wa sukari guru,
maksai wawili, Shikulu na Serikali,
wakizunguka tangu alfajiri,
sufuria ikitoa povu, nyuki,
sisi watoto na vijiti vyetu tukilamba.
Walikuja usiku, askari wa kiwanda, na karatasi:
muwa uliokula mbolea yetu ni muwa wetu.
Mtambo ukapakiwa kwenye lori.
Kulipokucha maksai walitoka zizini wenyewe
wakazunguka palepale, duara lilelile,
bila nira, bila kitu katikati.

Baba akatia sahihi.
Akapeleka miwa kwenye mizani ya kiwanda,
mizani inayosomwa ndani ya kibanda cha kioo
ambamo mkulima haingii.
Miezi ishirini na mbili, halafu risiti:
kulima, mbegu, mbolea, kukata, kubeba.
Chini kabisa namba,
na kabla ya namba, kistari.
Mama akauliza, hicho kistari ni nini?
Baba akasema, ni kistari tu.

Geroti alifia kitandani, kitabu chasema,
kasisi kichwani, mbwa miguuni.
Wakamchonga kwa jiwe, chali, mikono kifuani,
uso wa mtu aliyeshiba.
Kiwanda chetu hakuna aliyekichonga.
Kimekufa kikiwa wima,
kutu imepanda hadi bomba la moshi
na kunguru wanapitia mlango wa mkurugenzi.

Kuna mjane pia, katika mstari mmoja, hana jina.
Alitozwa faini kwa kuficha jiwe la kusagia
chini ya kitanda cha mtoto.
Hapo huwa napunguza mwendo.
Alisaga saa ngapi, nawauliza,
na mtoto alilia kwa bahati
au alifinywa alie, kuifunika sauti ya jiwe?
Silabasi haimjui.
Mimi humpa dakika nne.

Jana usiku nilisahihisha mtihani.
Swali la saba: taja sifa tano za utawala wa kabaila.
Ardhi, wameandika. Jeshi. Kodi. Mahakama. Dini.
Ashiundu ameandika nne,
kisha kwa penseli iliyobaki ukucha:
Mizani ilikuwa yake.

Mwongozo hauna jibu hilo.
Nikatia tiki.
Kalamu ikatoboa karatasi.