Historia ya Moshi

"Ndugu wa Kundaeli?"
Muuguzi anauliza bila kuinua uso.
"Anavuta?"
Nikasema, aliacha.
"Lini?"
Nikatazama dari.
Jumanne. Aliacha Jumanne,
alipofika mlango wa choo akakosa pumzi ya kurudi.

Kalamu ikasubiri. Fomu ina mstari mmoja tu:
pakiti kwa siku, mara miaka.
Nani alihesabu? Duka la Mama Ndewira lilihesabu,
na daftari lake la madeni lililiwa na mchwa
kabla hatujamaliza kulipa.

Naanza na ninachokijua.
Alikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa mlima wanavyoitana.
Miaka ishirini na sita alipandisha vya watu:
mahema, trei za mayai, choo cha plastiki,
na ule mtungi mdogo wa oksijeni
ambao uzito wake shingo yake bado inaukumbuka.
Jioni, kambi ya Barafu, wageni wakivalishwa klipu kidoleni,
wakihema kama mbuzi aliyekimbizwa,
baba alijibanza nyuma ya jiwe, akawasha,
akavuta mpaka moto ukabisha hodi ukuchani.
"Mapafu yangu," alituambia, "yamekaushwa kama nyama.
Hayaozi."
Tulicheka. Hata mama alicheka.

Kirusi kilitoka msibani Kiboroloni,
au kwenye sweta la mjukuu; hakikuacha jina.
Kiliingia nyumba nzima kwa mlango mmoja.
Mama alikohoa siku mbili, akachemsha tangawizi,
Alhamisi yuko Mbuyuni na ndizi zake, anabishana bei.
Mjukuu alitoka kamasi, basi.
Kwa baba kilikuta mlango hauna bawaba.

"Andika pakiti moja," nikasema.
"Miaka?"
"Arobaini na mmoja."
Akaandika kama mtu anayesoma mita ya maji.

Yaliyobaki sikumwambia.
Kwamba aliyetumwa dukani ni mimi,
miaka sita, sarafu ikilowa jasho kiganjani:
"Mbili, na usizivunje."
Kwamba kiberiti kilikuwa cha kubania,
kwa hiyo nilipewa moja nikaiwashie jikoni, kwenye mafiga,
na sigara haiwaki mpaka ivutwe,
kila mtoto aliyetumwa analijua hilo.
Nilivuta. Kidogo.
Nikampelekea ikiwa inang'aa, machozi yakinitoka,
naye akanisifu mbele ya wageni:
"Huyu binti ana mkono wa moto."
Hili linaandikwa safu ipi?
Mimi nami, wiki hii, ni siku ya tisa nakohoa.

Klipu iko kidoleni mwake sasa,
kwenye ukucha uleule wa kahawia.
Themanini na moja.
Amegeuza shingo aione. Namba hiyo anaijua
kuliko daktari huyu kijana;
aliisikia ikisomwa usiku, ndani ya mahema,
na baada yake, tochi, na machela.
Ananiita kwa jicho. Nasogeza sikio kwenye barakoa.
"Huyu mgeni," anasema,
neno, pumzi,
neno,
"ashushwe. Usiku huuhuu."

Ashushwe wapi, baba?
Hii ni Mawenzi ya vitanda, siyo ile ya mawe.
Tumeshashuka. Tuko mjini.
Chini yetu kuna reli, kuna miwa,
halafu joto.

Hajibu. Kifua chake kinapanda
kama anayehesabu hatua na kusahau alipofika.

Mtungi unakoroma pembeni ya kitanda,
mrefu kuniliko, rangi imembanduka begani.
Nimeugusa: baridi.
Muuguzi alipogeuka nikaukumbatia,
nikajaribu kuunyanyua, sijui kwa nini,
walau upande mmoja tu.
Haukutikisika.