Gurudumu

Nilipewa gurudumu la kupimia barabara,
lina mpini mrefu na kidude cha namba.
Nikalisukuma toka kisima cha kwetu
hadi lango la hospitali, Mvumi:
kilomita kumi na moja, mita mia nne na sita.
Mhandisi akaandika, akapiga mstari chini.

Njiani niliuliza watu, kujifurahisha tu.
Chedego, nyuma ya ng'ombe zake, akachongoa midomo:
"Kuleee,"
akaivuta hiyo sauti mpaka ikapita kilima.
Mama mmoja wa zabibu akasema, tenga likiwa tupu ni karibu,
likijaa, Mvumi huhama.
Wa bodaboda: "Buku tatu. Mvua ikinyesha, tano."
Na katoto ka shule, viatu mkononi:
"Makorongo mawili na mbwa mmoja."

Jioni nikamsomea mama ile namba.
Alikuwa anachambua mlenda, hakuinua kichwa.
"Kumi na moja,"
akairudia kama anaonja chumvi.
"Ulipima usiku?"
Mchana, mama.
"Mgongoni ulibeba nani?"

Sikubeba mtu.

"Basi hukuipima.
Mpaka korongo la kwanza ulikuwa unalia,
na njia ilikuwa njia, naikanyaga, inaisha.
Korongo la pili ukanyamaza.
Nikakufinya paja. Kimya.
Mchanga ule, Ndahani,
mimi niliuvuka mwaka mzima.
Taa ya hospitali naiona, natembea, naiona,
haisogei, kama imepigwa msumari."

Na kurudi?

Akacheka, majani yakamwagika ungoni.
"Kurudi! Kwani tulirudi kwa miguu?
Nakumbuka unadai karanga,
unadai karanga,
mara mbwa wa Sakalani huyu hapa anabweka."

Nililala nikiitazama dari.
Kuna jambo sikumwambia mhandisi, wala mama.
Pale korongo la pili gurudumu lilizama mchangani,
likagoma kabisa.
Nikalitia begani, nikavuka nalo,
jua la saa saba, jasho machoni,
likanilemea kuliko nilivyodhani.

Gurudumu likibebwa
halihesabu.