Zamu ya Pimbi

Bunduki ya upepo haina kishindo.
Ina chafya tu,
chafya ya mtu mzima aliyejizuia mbele ya wakwe.

Lugiko aliniachia vitu vya kuhesabika:
koti la ulinzi lenye vifungo vya kampuni iliyokufa kabla yake,
deni la saruji kwa Nkwabi wa Nyegezi,
na hii.
Unauvunja mtutu gotini kama muwa,
unatia punje ya risasi, kiuno kimebanwa kama nyigu,
unaurudisha, ta!
Pumzi yote imejifungia ndani, inangoja kidole.

Hapa Luchelele udongo ni wa kuazima.
Jabali limekupa kipande, ziwa linakidai.
Nina matuta kumi na moja katikati yao,
na hatua mia mbili na kumi kwenda majini na ndoo.
Nimezihesabu kwa magoti.

Ngedere hupita msimu wa mahindi
kama wakusanya ushuru, wakaondoka.
Pimbi ni wenyeji.
Walikuwapo kabla ya hati ya kiwanja,
na ukiwatazama machoni
utaona kwamba hati hiyo wameisikia, hawajaisoma.

Jua likilipasha jiwe wanajianika, matumbo chini,
kisha wanashuka.
Hawali kama mbuzi, wakamaliza.
Wanauma kiini cha mchicha, kile kichipukizi cha katikati,
wanakuachia majani ya pembeni
ili uone ulichokuwa nacho.

Mmoja hashuki.
Anakaa jiwe la juu kabisa, shingo hana, usingizi hana.
Nikifungua mlango tu anapiga filimbi,
na ukoo mzima unamiminika nyufani
kama chenji kwenye mfuko uliotoboka.

"Bibi, piga yule wa juu," Doto akaniambia.
Nilijua. Babu yake alilinda kinu cha pamba miaka kumi na tisa.
Alikuwa akisema, mwizi mwerevu haanzi na ghala,
anaanza na mlinzi.

Jumanne nililala kifudifudi nyuma ya ndoo,
umande ukanila tumbo.
Pumzi nusu nikaitoa, nusu nikaibakiza.
Chafya.
Hakuruka, hakulia.
Aliketi
kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka,
halafu akabingirika.

Nyayo zake ni laini, nyeusi, kama mpira wa ndani wa baiskeli.
Nilimfukia chini ya tuta la bamia.
Mbolea ni mbolea.

Usiku ule sikulala sawasawa.
Matanga ya Lugiko yalikuwa hayajaanuliwa
nilipokwenda kinuni kurudisha tochi yao.
Langoni, kwenye kiti chake kilekile, kile cha mguu wa waya,
kijana alikuwa anakunywa chai
kwa kikombe kilekile chenye pengo.
"Shikamoo, mama," akasimama.
Nikaitikia. Nikampa tochi.
Njiani nikawa najiuliza jambo la kipuuzi:
kiti kile kilipata lini nafasi ya kupoa?

Asubuhi nikatoka.
Jiwe la juu lina mtu.

Mdogo kuliko yule. Hajui kukaa;
anabadilisha miguu, anateleza, anajirudisha.
Aliniona, akapiga filimbi,
filimbi mbovu, imepasuka katikati,
na imechelewa.
Lakini waliisikia. Waliingia wote.

Nimeuvunja mtutu gotini.
Kopo lina risasi kumi na saba, na deni la Nkwabi liko palepale,
na mchicha Jumamosi unatakiwa sokoni, wenye viini vyake.
Doto ananitazama mimi, halitazami jiwe.

Upepo wa ziwa umeanza kugeuza majani,
upande mwekundu juu.
Punje iko kati ya vidole viwili.
Ni baridi, haina uzito wa kutosha
kwa kitu inachokifanya.