Slaidi ya Tisa

"Kama mnavyoona hapa," nilisema,
na kalamu yangu ya mwanga ikaruka ukutani kama kiroboto.
"Hapa, halafu hapa, ndipo barafu ilipokwama."
Vichwa kumi na vinane vikaitikia.
Cha kumi na tisa, cha Tellervo Kyrö, kilibaki kimeinama,
kipokezi sikioni,
kidole juu ya kibodi.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

Ilikuwa Machi, mjini Tornio,
kikao cha tahadhari ya mafuriko,
theluji nje imefika kwenye madirisha.
Miaka kumi na mitatu nimeueleza mto ule
wala sijawahi kusema hapa ni wapi.

Alikuwa na nakala ya slaidi zangu.
Akachomoa kipokezi, tusikie anachosikia:
"Slaidi ya nne. Haina kichwa.
Picha. Picha. Nembo ya mfadhili. Ukurasa wa nne.
Picha 0417 nakala ya pili, mpya, ya mwisho."
Kisha, nyuma ya nembo na namba,
kama mtu aliyechelewa mazishi:
"Hameni kabla maji hayajafika mita tatu."

Mtu mmoja alicheka. Akanyamaza.

Wanasema macho hayana pazia.
Yangu yalikuwa nalo, zito, la mahameli,
na nililiita usanifu.

Usiku ule sikulala.
Kila slaidi nikaipa kichwa chake,
maana nani atabisha hodi kwenye nyumba isiyo na mlango?
Onyo nikalipandisha juu; nembo ikashuka chini, ikanuna.
Nyekundu na kijani nikazitenga kwa mistari na nukta
kwa ajili ya Ilpo wa zimamoto, ambaye
miaka yote hiyo aliziona hatari na salama
zimevaa shati moja la hudhurungi
na hakusema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.
Video ikapata manukuu. Hata mlio nikauandika:
barafu inapasuka, mbali, kwa muda mrefu.

Nikafika slaidi ya tisa.
Ukingo wa mto, mwaka wa maji makubwa.
Kompyuta ikakisia: huenda ni mtu amesimama nje.
Ikauliza: je, picha hii ni pambo tu?
Kisanduku kidogo, kinangoja alama ya vema.

Nikaandika: Mwanamke mzee, buti za mpira.
Nikafuta.
Nikaandika: Athari za mafuriko.
Nikafuta, nikaenda kuchemsha kahawa, nikarudi.
Nikaandika: Mama yangu, Aune, anacheka, ndoo nyekundu mkononi.
Nyuma yake ngazi ya sauna yenye vipandio saba;
vitatu vimezama.

Vitatu. Sikuwa nimewahi kuvihesabu.

Jumatatu Tellervo alisikiliza hadi mwisho,
kisha akainua mkono:
"Vipandio vitatu ni sentimita ngapi?"
Wenye macho wote tukatazamana,
tukatazama ukuta. Ukuta haukujua.

Jioni nikaenda na utepe wa kupimia,
nikafukua theluji kwa mikono,
nikapiga magoti mbele ya ngazi ile
niliyokulia nikiikanyaga.
Hamsini na nne. Nikamtumia ujumbe.

Jibu lake lilikuja kabla sijawasha gari:
"Asante. Na ndoo, ilikuwa na nini?"

Nimekaa gizani, injini imezimwa.
Mama hayupo wa kuulizwa.
Katika slaidi ya tisa, baada ya neno ndoo,
nimeacha nafasi.