Ukuta wa Moto

Birere, saa mbili asubuhi.
Usiku programu ya barua pepe imejisasisha,
na sasa haitoi hata nukta:
"Seva haipatikani."

"Ni ukuta wa moto," namwambia Kavugho.
"Programu imekuja na sura mpya,
mlinzi anaiona mgeni."
Anagonga ukuta wa ofisi, mawe meusi ya volkano:
"Hata haya yalikuwa moto.
Baba aliyapasua kwa nyundo,
ila mlango aliupima kwanza."

Nafuta ruhusa ya zamani, naandika mpya:
mlango mia tano themanini na saba, kutoka tu.
Ukuta wenyewe siuzimi.
Goma hii, nani analala bila ukuta?

Duara linazunguka. Linazunguka.
Kavugho ameacha kutafuna muwa.
Kisha kengele, ndogo kama kokoto dirishani:
imeenda.

Umeme nao.