Skrubu Tatu

Dukani kwa Hilkka waliitwa tu "wale wawili".
Sweta za kijivu, kana kwamba waligawana kondoo mmoja,
miwani ile ile ya fremu nyeusi,
salamu ile ile: nusu ya kichwa, kisha njia.
Miaka mitatu niliwapikia kituoni, kaskazini ya Inari,
walikokuja kupima anga,
na mwaka wa kwanza mzima nilimwita Tauno Oiva
na Oiva Tauno,
wala hakuna aliyenisahihisha.
Mmoja aliona haina haja.
Mwingine, nilikuja kujua, alikuwa akihesabu
nitakosea mara ngapi kabla sijashtuka.

Kimya si kimoja, nawaambia.
Kuna kimya cha mlango uliotiwa komeo
kwa kuwa ndani kazi imekwisha pangwa,
na kuna kimya cha mlango uliosahauliwa wazi:
baridi inaingia, theluji inaingia, paka wa jirani anaingia,
na mwenye nyumba yuko huko nyuma
anajiuliza mlango ni nini.

"Jua litarudi lini?" Ilikuwa Desemba, namenya viazi.
"Januari kumi na moja, saa sita kasoro," Tauno alisema,
akaendelea kula.
Oiva akashusha uma.
"Ukisema litarudi, unamaanisha nini?"
Siku ya tatu, usiku, akanigongea kwa soksi tu:
mwanga hupinda, Helvi!
Tunaliona jua kabla halijafika!
Uso ulimng'aa kama wa mtoto aliyeokota sarafu.
Nikamwambia, Oiva, hii ni saa nane.

Februari, boila ikafa.
Nje, nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri.
Tauno akafungua kabati: pampu mpya, ina lebo,
imeagizwa tangu Septemba.
"Nilijua ile haitamaliza msimu."
Hakujisifu; alisema kama asomaye ratiba ya treni.
Lakini Oiva alikwisha kuifumua ile kuukuu
juu ya meza yangu ya unga,
vidole vya buluu, anacheka peke yake:
"Njoo uone ilivyokufa! Imekufa vizuri!"
Hapo ndipo walipozozana, mara moja tu kwa miaka mitatu.
Tauno alishika hoja moja akaipigilia misumari.
Oiva alitetea yake, kisha akahamia ng'ambo ya meza,
akajipinga mwenyewe, akajishinda,
akafurahi.
Mimi nilikuwa ndani ya makoti mawili.
Nilitaka joto tu.

Nilipomzika Eino wangu,
Tauno hakunipa pole.
Niliporudi nilikuta kuni zimepasuliwa,
zimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha.
Zilinifikisha Aprili, jioni ya mwisho ya baridi,
gogo moja halikuzidi.
Oiva naye hakunipa pole.
Alivuta kiti. "Alikuwa akicheka vipi?"
Nikajaribu kumwigiza.
Nikakicheka kicheko cha marehemu jikoni mwangu
hadi kikageuka kilio,
na yeye hakukimbia.

Basi nikajiona nimefuzu.
Hata nyayo zao thelujini ningezisoma gizani:
hizi zaenda moja kwa moja bandani,
zile zimeuzunguka msonobari mara mbili
kuona kama una upande wa nyuma.

Kituo kilipofungwa waliondoka kwa basi moja,
viti mbalimbali.
Nikafagia. Nyuma ya boila, kikopo cha kahawa,
ndani yake skrubu tatu na karatasi:
"Hizi zilibaki. Boila inafanya kazi.
Sijui kwa nini,
na nimependa kutojua."
Nikatabasamu. Ee, Oiva.

Kisha nikavaa miwani.
Herufi zilisimama wima,
zimepigiwa mstari kwa rula,
na pembeni tarehe,
na saa.